Sabini na Tisa Amerudisha

Breka inapofunguka wakati laini ina hitilafu, mlio wake huingia kifuani kabla haujafika masikioni. Mara ya kwanza kuusikia nilijitupa chini kwenye kokoto za stesheni, mdomo ukajaa vumbi, na mafundi wakongwe wakacheka hadi wakashika mbavu. Niliinuka nikamtukana aliyecheka zaidi. Ndivyo nilivyoanza kazi ya ulinzi wa laini za umeme, kazi ambayo jamaa zangu wa Gesima wakiisikia hudhani nakaa getini na rungu.

Ulinzi huu ni wa rilei. Laini inayotoka stesheni kwenda vijijini hubeba mkondo mkubwa ambao hakuna anayeweza kuusogelea na kuupima kwa mkono, kwa hiyo kuna transfoma ndogo ya kupimia ambayo huchukua mfano mdogo wa mkondo ule na kuupeleka kwenye rilei, kisanduku kilichofungwa kwenye paneli ndani ya chumba. Rilei hutazama tu. Mkondo ukizidi kiwango ilichowekewa, inatoa amri, na breka, ile swichi kubwa huko nje, inakata. Watu huilaumu rilei kwa kukata stima, lakini rilei haijawahi kukata hata uzi. Inaamuru, na mwingine anatekeleza.

Kila kifaa kina namba yake, na namba hizo wanazitumia mafundi wa nchi nyingi. Fundi wa mbali asiyejua hata salamu ya Kiswahili akiuona mchoro wetu na kukuta 51 kando ya duara, anajua papo hapo tunasema nini. Ni lugha isiyo na matusi, ndiyo maana sisi tukaongeza yetu. Katika chumba chetu namba zilikuwa watu. Hamsini ni mwenye hasira: mkondo ukiruka juu sana anakata pale pale, hasubiri maelezo. Hamsini na moja ni ndugu yake mwenye subira, mkondo ukizidi kidogo anavumilia muda mrefu, ukizidi sana anavumilia muda mfupi, kisha naye anakata. Hamsini na mbili ni breka yenyewe, wa kutumwa, anafungua na kufunga anavyoambiwa: akifungua stima inakatika, akifunga inapita. Themanini na saba analinda transfoma kubwa: anapima kinachoingia na kinachotoka, na visipolingana anajua kuna kitu kimeliwa ndani. Na themanini na sita, akishaifungia stima mlango, haufunguki mpaka mtu aende kwa miguu yake amgeuze kwa mkono.

Tulikuwa tunasema hivyo kabisa, kwa midomo yetu: hamsini amekata, themanini na sita amekataa. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya msingi angenichapa. Angesema rilei "imekata," kifaa si mtu. Lakini sisi tulishinda na vifaa hivyo kuliko tulivyoshinda na watu wetu, na lugha ikafuata. Ilifika mahali tukaitana hizo namba wenyewe kwa wenyewe. Mimi waliniita Hamsini, na sikuuliza kwa nini.

Mwenzangu waliyenipanga naye wakamwita Hamsini na Moja. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mpole hadi ananiudhi, anayepanga bisibisi zake kwa urefu na kumwambia kila mama wa sokoni "asante sana" hata akiuziwa ndizi mbovu. Ekegusii, lugha ya kwetu, hakikumwingia. Miaka yote aliyokaa Nyamira alijua kusalimia na kuomba maji, basi. Mengine yote alisema kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha chumba cha rilei.

Sasa nimfikie sabini na tisa, maana bila yeye hakuna kisa.

Sabini na tisa ndiye anayerudisha. Huku kwetu milimani kila alasiri ya mvua ni vita. Mikaratusi inapigwa na upepo inachapa waya, majani ya migomba yanapeperuka, mvua ya mawe inaangusha matawi makavu. Kila kinapogusa, breka inakata. Lakini vitu hivyo vingi hugusa mara moja tu na kuanguka, na laini inabaki nzima. Ingekuwa kila tawi linamtuma fundi kutoka mjini kwenda kufunga breka, watu wa Ikonge wangekaa gizani nusu ya mwaka. Kwa hiyo breka ikishakata, sabini na tisa anasubiri kidogo, anaiambia irudishe. Ikikata tena, anasubiri zaidi ya mwanzo, anairudisha tena. Ikikata mara hiyo anaelewa kuwa kuna kitu kibaya kweli, anaacha, na laini inabaki mfu mpaka sisi twende.

Sabini na tisa wa laini ile ya Ikonge alikuwa wa mwenzangu. Yeye ndiye aliyemwekea asubiri kiasi gani na arudishe mara ngapi, wakubwa wakapitisha, na alimsifia mbele ya kila aliyeingia chumbani. "Huyu ni wangu," alikuwa akisema, akigonga kioo cha paneli kwa ukucha.

Siku hiyo mvua ya mawe ilianza kabla hatujamaliza chakula. Ilipiga mabati ya stesheni kwa fujo hadi tukaacha kuzungumza. Kisha breka ya Ikonge ikalipuka kifuani mwangu. Kimya kidogo. Ikafunga, ikalipuka tena. Kimya kirefu zaidi. Ikafunga mara ya pili, na mara hii mlio ulikuwa mbaya, mzito, taa za chumba zikafifia kabla haijakata. Mwenzangu aliweka kijiko chini akasema, "Amekataa. Kuna kitu." Mvua ilipopungua tukapanda pikapu kwenda kuifuata laini nguzo kwa nguzo.

Tulikipata kitu hicho kwenye mteremko juu ya Ikonge, katikati ya mashamba ya chai. Mkaratusi ulikuwa umeanguka ukakata waya mmoja, na waya ulikuwa umelala kwenye njia ya miguu inayopita mbele ya nyumba. Kwenye njia hiyo alilala mwanamume. Sitaeleza mikono yake. Nimeona ng'ombe waliopigwa na waya, nimeona nyani, na bado niligeuka nikatapika kwenye chai ya watu. Waliokuwepo walituambia jinsi ilivyokuwa, wote kwa pamoja, wakipiga kelele. Waya ulianguka, taa ya nyumba ikazimika. Ikawaka, ikazimika tena, haikuwaka. Mtu yule akasema stima imepotea, akatoka kuuvuta waya pembeni ya njia kwa sababu watoto wake walikuwa karibu kutoka shule. Alikuwa ameushika wakati stima iliporudi.

Hiyo ndiyo fikra yetu sote, hata mimi niliyezaliwa na kulelewa kwenye mashamba hayo hayo. Taa ikizimika tunasema stima imepotea, na kilichopotea hakiumi mtu. Unaingia jikoni unatafuta mshumaa, au unapanda juu ya nyumba kutengeneza antena, kwa sababu taa haiwaki. Hakuna aliyewaambia kwamba katikati ya giza lile kuna kitu kinahesabu.

Umati ulikuwa mkubwa, na hasira yake nilikuwa naielewa kabisa. Wanaume walikuwa na mapanga ya kupogolea chai, wanawake walikuwa wanalia kwa sauti ile ya matanga ambayo inakukuna mifupa. Nilianza kuzungumza nao kwa Ekegusii, polepole, nikisema pole, nikisema msiguse waya mpaka tuufunge kwa ardhi, ili stima ikirudi iingie udongoni. Walinisikiliza. Mzee mmoja alisema mwacheni, huyu ni omonto oito, mtu wetu. Nilihisi tunaweza kuifanya kazi tukaondoka.

Ndipo redio ya pikapu ikazungumza. Milango ilikuwa wazi, sauti ilikuwa juu. Mwenzetu aliyebaki stesheni alikuwa anasoma paneli, na alizungumza anavyozungumza siku zote: "Nimeangalia hapa. Hamsini na moja alikata, sabini na tisa akarudisha. Akakata, sabini na tisa akarudisha tena. Yaani sabini na tisa amerudisha mara mbili."

Kilio kilikatika ghafla. Kijana mwenye koti la mvua, ndugu wa marehemu kama nilivyojua baadaye, akauliza kwa Kiswahili, taratibu, "Sabini na tisa ni nani?"

"Si mtu," nikasema. "Ni kifaa."

"Nimesikia amerudisha. Amerudisha mara mbili. Kifaa kinaitwa 'amerudisha'?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na mwenzangu akanitangulia. Machozi yalikuwa yanamtoka, anataka kuwaeleza ukweli wote kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Alisema, "Ndugu zangu, sabini na tisa ni wangu. Mimi ndiye niliyemweka. Mimi ndiye niliyemwambia arudishe mara mbili."

Kila neno lilikuwa kweli. Ningemkata ulimi kwa meno yangu.

"Yuko wapi?" kijana akauliza.

"Yuko stesheni, ndani."

"Mmemficha!"

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata usoni, akapiga magoti. Walimrukia. Nasema walimrukia kwa sababu sikuona mtu mmoja mmoja, niliona gamubuti na migongo, na nikasikia ule mlio wa ngumi kwenye nyama ambao ukishausikia huusahau. Walikuwa wanampiga na kumuuliza jina. "Jina lake! Jina la sabini na tisa!" Naye, Mungu wangu, alikuwa anajaribu kujibu. Nilimsikia chini ya miguu akisema, "Hana jina, hana jina," nao wakampiga zaidi kwa kumkinga mwenzake.

Nilipiga kelele kwa Ekegusii hadi sauti ikapasuka. Si mtu, ni mashini, ni sanduku, njooni mjini niwaonyeshe. Mwanamke mmoja akanitemea mate akasema nimenunuliwa na watu wa ziwa. Basi Hamsini akakata. Nilichomoa ile fimbo ndefu ya faiba tunayofungulia fyuzi juu ya nguzo, nikampiga aliyekuwa karibu nyuma ya magoti, akaanguka. Nikampiga mwingine mkononi, panga likadondoka kwenye chai. Nilimlenga kijana wa koti kichwani, na kama asingeteleza kwenye matope leo ningekuwa nasimulia haya nikiwa gerezani. Sikuwa najuta. Nilitaka kichwa kile kipasuke. Wakanivuta nywele, wakaninyang'anya fimbo, mtu akanipiga kofi nikaona weupe, na nikaanguka juu ya mwenzangu. Nikabaki hapo hapo juu yake, nimemfunika, nikiwatukania mama zao kwa lugha yao.

Nadhani hilo liliwachelewesha kidogo. Kumkanyaga omonto oito kulihitaji mtu wa kuanza, na kila mmoja alikuwa anamtazama mwingine.

Ndipo wakampisha mwanamke mmoja. Alikuwa mke wa marehemu, ana umri kama wangu, bado amevaa lile aproni la plastiki la kuchumia chai, mkononi ameshika ndara moja ya mume wake. Hakuwa analia. Alisimama juu yetu akamwangalia mwenzangu, akazungumza kwa Kiswahili ili aelewe.

"Wewe. Hiyo sabini na tisa, ni mtu?"

"Si mtu, mama."

"Ni mashini."

"Ni mashini."

"Na ni wewe uliambia mashini irudishe."

Nilimbana mkono kwa nguvu zangu zote. Nyamaza, nilikuwa namwambia kwa kucha, sema ni wakubwa, sema ni kampuni, sema hujui. Alikuwa na damu jichoni na meno yamelegea.

"Ni mimi, mama."

Umati ukanguruma. Mwanamke aliinua ile ndara na wakanyamaza.

"Kwa nini irudishe?"

"Kwa sababu mara nyingi ni tawi tu. Tawi linagusa waya, linaanguka. Stima inarudi, watu wanaendelea na kazi."

"Na kama ni mtu ndiye amegusa?"

Mwenzangu alitema damu kando. Nilimchukia, kwa sababu nilijua anatafuta jibu sahihi na si jibu la kumwokoa.

"Haijui," akasema. "Inapima mkondo tu. Tawi na mtu, kwake ni sawa."

Haijui. Hakusema hajui. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiisema hivyo.

Mwanamke aliinama akamtazama karibu kabisa, macho kwa jicho lile moja lililobaki wazi. Kisha akanyooka, akawageukia shemeji zake, akasema kwa Ekegusii, "Ingekuwa inajua ni mtu, ningewaachia huyu. Mwacheni aende." Kijana wa koti akaanza kubisha, naye akampiga kibao kwa ndara ya ndugu yake mdomoni, mbele ya watu wote. Hakuna mwingine aliyebisha.

Nilimkokota mwenzangu hadi kwenye pikapu peke yangu. Hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Nilikuwa nimeshaushika mlango wa dereva wakati mwanamke yule aliponifuata.

"Saa hii stima iko?" akauliza, akionyesha waya kwa kidevu.

"Haipo. Lakini msiuguse. Wenzetu wanakuja kuufunga kwa ardhi."

"Itarudi yenyewe?"

"Hapana. Imeshaacha. Sasa ni mpaka mtu aifunge kwa mkono."

"Mtu gani?"

Sikuwa nimefikiria. "Mimi," nikasema.

"Basi kabla ya kurudisha, wewe mwenyewe uje kwangu uniambie."

Nilimpeleka mwenzangu hospitali mjini Kisii nikiendesha kwa hasira iliyonifanya nipige honi hata barabara ikiwa tupu. Alipona mbavu na taya. Jicho la kushoto halikurudi. Alihamishiwa kwao, upande wa ziwa, akapewa kazi ya kufundisha vijana wapya michoro, na nasikia anawakataza kabisa kuziita namba watu. Nilipompigia simu aliniuliza swali moja tu, kama yule mama ana stima. Nikamwambia bado.

Waya ulipounganishwa, mikaratusi ikakatwa, watu wa Ikonge walikuwa wameshaanza kutupigia simu wakituita wezi. Stima itarudi lini, maziwa yanaharibika, kinyozi hana kazi. Sauti nyingine nilizitambua. Niliwajibu vibaya, mmoja baada ya mwingine, na sijutii hata jibu moja. Kisha nikachukua pikapu nikapanda ule mteremko asubuhi, udongo wa kaburi ukiwa bado mwekundu kando ya nyumba, nikabisha mlango.

Nilimwambia nimekuja kumwambia. Hakunikaribisha kiti. Aliwaita watoto wake waliokuwa nje, akawahesabu kwa kuwagusa vichwa, akawakalisha kitandani, akatoka mlangoni akaangalia njia juu na chini kuhakikisha hakuna mtu. Akarudi akaketi katikati yao, akawashika mikono.

"Rudisha," akasema.

Nilipiga simu stesheni nikasema wafunge breka. Taa ikawaka juu ya vichwa vyetu. Mtoto mdogo alipiga ukelele, na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja, akaendelea kuniangalia mpaka nikatoka.